Uhaba au Ughali? Kisa cha Neno Moja la Kiingereza

Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani na kikombe changu cha kahawa chungu, mara akatokea mwana wa ndugu yangu, gazeti la Kiingereza kalibana kwapani. Ni kijana wa shule ya sekondari, mpole wa maneno, lakini akishika jambo haliachi mpaka limpe jibu. Akaniamkia, nikamwitikia, kisha akalikunjua gazeti na kuweka kidole juu ya neno moja.

"Ami, hili nalo ni neno gani?"

Neno lenyewe lilikuwa "dearth". Mwandishi wa makala ile alikuwa akilalama kwamba nchi ina "dearth" ya viongozi waaminifu. Kijana alikuwa ameshatazama kamusi, nayo ilimpa maneno matatu kwa mpigo: uhaba, upungufu, ukosefu.

"Basi si umeshapata?" nikamwambia.

"Maana nimeipata, Ami. Lakini mwalimu ataka tueleze kila neno latoka wapi. Na mimi nikilitazama naona ndani yake mna 'dear', lile neno waandikalo Waingereza mwanzo wa barua. Sasa mpendwa na uhaba wapi na wapi?"

Wasomaji wapenzi, nakiri kwamba swali lile lilinipendeza kuliko kahawa. Watu wazima wengi wamelisoma neno hili maisha yao yote wasimwone mpendwa aliyejificha ndani. Nikamwambia aketi.

Kijana hakukosea. "Dearth" ni mtoto wa "dear". Waingereza wa kale walikuwa na neno "deore", nalo lilibeba maana mbili kwa pamoja: kitu chenye thamani kubwa, na mtu apendwaye. Kisha katika karne ya 13 likatiwa mkia ule ule uliofanya jina kutokana na urefu, kina na joto, yaani "length", "depth" na "warmth", likawa "derthe". Kwa hiyo, ukilifasiri kwa mujibu wa viungo vyake, neno hili si uhaba hata kidogo. Ni ughali. Ni hali ya kitu kuwa ghali.

Sasa ughali uligeukaje uhaba? Yafaa tumkumbuke Mwingereza wa zama zile. Huyu alikuwa mtu wa mkate. Mavuno yakiharibika kwa mvua nyingi, kama yalivyoharibika miaka ya 1315 hadi 1317 karibu Ulaya nzima ya kaskazini, alama ya kwanza aliyoiona si ghala tupu, kwani ghala halikuwa lake. Aliiona sokoni. Mkate uliokuwa wa senti moja ukawa mdogo, au bei ikapanda, kisha ikapanda tena. Akarudi nyumbani akasema mwaka huu ni mwaka wa ughali, na kila aliyemsikia akajua kwamba nafaka ni chache. Maneno mawili yakakaa chumba kimoja mpaka lile la bei likameza lile la uchache. Hatimaye watu wakasahau bei, wakabaki na uchache peke yake, na leo mtu aweza kusema "dearth" ya viongozi bila kuwaza kabisa kwamba viongozi wana bei. (Ingawa katika jambo hilo huenda neno lile la kale lilikuwa na busara yake.)

Wala Waingereza si peke yao waliopita njia hiyo. Wajerumani husema "teuer" kwa kitu ghali, na Martin Luther alipoifasiri Biblia katika karne ya 16, njaa aliiita "Teuerung", yaani ughali. Waholanzi wana "duurte". Wafaransa walikuwa na "cherté", kutokana na "cher" ambalo nalo ni ghali na pia ni mpenzi. Wao walipanga ngazi kabisa: kwanza ughali, kisha "disette" yaani uhaba, kisha ndipo njaa yenyewe ya kuua watu. Ngazi hiyo ni ya maana sana, nami nitairudia.

Kijana akaniuliza, "Na sisi je, Ami?"

Nikamwuliza chuoni alifundishwa nini juu ya herufi ghaini, lamu na wau. Akanyamaza. Basi nikamweleza nilivyofundishwa mimi. Katika Kiarabu, "ghalaa" ni kupanda kwa bei, na ndilo neno walilolitumia wanahistoria wa Misri na Shamu kila walipoandika habari za miaka ya njaa. Hawakuandika njaa kwanza, waliandika ghalaa. Mwanachuoni maarufu wa Misri, Taqi al-Din al-Maqrizi, aliyepata kuwa msimamizi wa masoko ya Cairo na kwa hiyo alijua mizani kuliko wanavyuoni wengi, alitunga mwaka 1405 kitabu kizima juu ya miaka ya shida iliyoipata nchi yake. Mto Nile ulikuwa umepungukiwa maji miaka michache kabla. Lakini al-Maqrizi hakuridhika kuulaumu mto. Alisema sababu ni tatu: vyeo vinavyonunuliwa kwa rushwa, kodi za mashamba zinazopandishwa na wenye nguvu, na wingi wa sarafu za shaba zilizotolewa ovyo mpaka zikakosa thamani. Sarafu hizo za shaba kwa Kiarabu ni "fulus". Ndizo zilizotupa sisi neno fulusi.

Na mzizi huo wa ghalaa una ndugu mwingine ambaye wasomaji wa dini watamtambua mara moja. Ni "ghuluu", yaani kupindukia mpaka, jambo ambalo watu wa Kitabu walikatazwa katika Sura An-Nisaa na katika Sura Al-Maida, wasivuke mpaka katika dini yao. Kwa hiyo kitu ghali, ukirudi kwenye asili, ni kitu ambacho bei yake imevuka mpaka. Sisi twasema "nyama ni ghali" kama tusemavyo jua ni kali, kana kwamba ni tabia ya nyama. Neno lenyewe lasema kuna mpaka, na umerukwa.

Hapa niweke tahadhari moja, maana najua watu watakimbilia kusema kwamba ghala, pale nafaka iwekwapo, nalo latokana na ghali. La. Ghala ni la mzizi mwingine wenye lamu mbili, ambao kwa Kiarabu ni mavuno, mazao ya shamba. Lakini mzizi huo huo wa lamu mbili ndio uliotumika katika Sura Aal Imran kwa mtu afichaye ngawira kabla haijagawanywa. Mavuno na kuficha kukaa katika herufi zile zile ni jambo la kumfanya mtu wa sokoni atabasamu.

Kinyume cha ghali ni rahisi. Hili latoka "rakhiis", kitu cha bei ndogo, na ndugu yake ni "rukhsa", ambayo sisi twaita ruhusa. Lakini Waswahili tumelifanyia neno hili jambo ambalo Waarabu hawakulifanya: tumelichukua kutoka sokoni tukalipeleka kila mahali, hata hesabu ikawa rahisi, na safari ikawa rahisi. Kwetu kisicho na bei kubwa ndicho kisicho na taabu. Mtu ambaye hajapata kusimama mbele ya kaunta na senti pungufu hawezi kubuni maana kama hiyo.

Ama upande wa mpendwa, ambao ndio uliomshangaza kijana, nao tunao. Neno azizi, na lile laazizi liimbwalo katika taarabu, latoka mzizi ambao Waarabu huutumia kwa mwenye nguvu, kwa kipenzi, na pia kwa kitu kilichoadimika hata kikawa hakipatikani. Kitu kikiwa kichache husema kimekuwa "aziz". Katika kisa cha Nabii Yusuf, ndugu zake walipomjia Misri wakati wa dhiki wakiwa na bidhaa duni mikononi, wakiomba wajaziwe kipimo, walimwita kwa cheo chake: Aziz. Mwenye nafaka wakati wa uchache huitwa kwa neno ambalo lenyewe lina uchache ndani. Na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ilipofikia miaka ile saba, ilitumia "dearth". Qurani imeiita saba "shidaad", yaani migumu, na hapo ndipo penye mzizi wa shida yetu ya kila siku.

Kijana alikuwa ameanza kuandika. Nikamwambia asiharakishe, kwani bado hatujayatazama yale matatu ya kamusi.

Uhaba watokana na haba, na haba kwa asili yake ya Kiarabu ni chembe moja ya nafaka. Ndiyo maana methali ya haba na haba kujaza kibaba ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani: ni chembe juu ya chembe ndani ya kipimo. Basi uhaba ni neno la macho. Watazama ndani ya chombo, waona chembe zahesabika. Upungufu ni neno la kulinganisha: palikuwa na kumi, sasa pana saba. Yote mawili hayana mtu ndani yake. Hayakwambii nani anacho na nani hana.

Ukosefu ni mwingine. Huu ni wetu wa Kibantu, nami huuonea fahari. Kukosa ni kutokupata, na kukosa ni kufanya kosa. Aliyekosa chakula na aliyekosa adabu hutumia kitenzi kimoja. Ukisikia afisa akisema redioni kuna ukosefu wa chakula wilayani, sikio la Kiswahili lina haki ya kuuliza kosa ni la nani. Lakini kwa mazoea hatuulizi.

Na liko neno la nne ambalo wafasiri hulikimbilia, nalo ni njaa. Hili ndilo linaloniudhi. Waingereza wana neno lao kwa njaa ya tumbo la mtu mmoja kabla ya chakula cha mchana, na lingine kwa njaa ya nchi nzima, na "dearth" si lolote kati ya hayo mawili. Ni ile ngazi ya Wafaransa ya chini, pale chakula kingalipo na bei ndiyo inayosimama mlangoni. Ukiifasiri njaa, umeruka ngazi, na ukiruka ngazi umewasamehe watu waliokuwa wamesimama hapo.

Serikali ya Uingereza ya zamani ililijua hilo vizuri. Mwaka 1552 ilipitisha sheria kali dhidi ya wanaonunua nafaka njiani kabla haijafika sokoni, na wanaoilimbikiza wangoje bei. Mavuno yalipoharibika mwaka 1586, mapema mwaka uliofuata zilichapishwa amri kwa mahakimu wa mikoani: waingie maghalani, wahesabu nafaka, wawalazimishe wenyewe kuileta sokoni, na maskini wauziwe kwanza kwa vipimo vidogo. Hazikuwa amri za nchi isiyo na chakula. Zilikuwa za nchi inayoshuku kwamba kipo mahali kimefungiwa. Na ugumu ulipozidi kati ya 1594 na 1597, wakahesabu tena. Katika orodha iliyoandikwa mjini Stratford mapema mwaka 1598, mmoja wa wenye shayiri ya kutengenezea pombe iliyowekwa akiba ni William Shakespeare mwenyewe, kota kumi, yaani zaidi ya tani moja. Miaka michache baadaye akatunga mchezo wa Coriolanus, unaoanza na wananchi wenye marungu wakidai nafaka, na bwana mkubwa mmoja anawatuliza kwa kuwaambia kwamba ughali huo umeletwa na miungu, si na wakubwa. Neno alilomtia kinywani ni hili hili la kijana wetu. Hadhira ya London ilijua fika kwamba bwana yule anadanganya.

Si kwamba mvua haina kazi. Mwaka 1623, kaskazini ya Uingereza katika parokia ya Greystoke, kitabu cha maziko kiliandika maskini waliokufa kwa kukosa chakula. Hapo ngazi zote zilikuwa zimekwisha. Lakini hata hapo aliyezikwa ni maskini. Mtaalamu wa uchumi Amartya Sen, aliyekuwa mtoto wa miaka tisa njaa kuu ya Bengal ilipoanza mwaka 1943, alikuja kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1981 kwamba chakula katika Bengal mwaka ule hakikuwa kidogo kuliko cha mwaka 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa. Bei ya mchele ndiyo iliyowakimbia vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wadogo. Walikufa watu wapatao milioni tatu kwa hesabu yake. Hiyo ni "dearth" katika maana yake ya kwanza kabisa, nusu nzima ya dunia kutoka mahali neno lilipozaliwa.

Nami nina ushahidi wangu mdogo. Mwaka 1984 nilikuwa mtoto wa chuoni, mvua zimekataa, na mama alifungua pindo la leso akanipa pesa za unga. Nilikwenda duka la mtaani, nikaambiwa hapana. Nikarudi mikono mitupu. Usiku ule jirani yetu alipika sima. Alikuwa ameupata unga kutoka duka lile lile kwa mlango wa nyuma, kwa bei nyingine. Siku zile bei ya unga ilikuwa imepangwa na serikali, na kupita hiyo ni kosa. Basi mwenye duka hakusema ghali, alisema hapana. Kwa miaka mingi nilidhani hapana maana yake ni hapana. Baadaye yaliletwa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, tukayala tukinung'unika.

Ndugu zetu Wakamba, ambao huzipa njaa zao majina ili wasizisahau, wanayo moja ya miaka hiyo ya 1980 iitwayo Nikw'a Ngwete. Maana yake ni nafa nami ninazo mkononi. Pesa zipo, cha kununua hakipo. Waona, basi, hiyo ni kinyume cha "dearth", na inastahili jina lake peke yake. Lile la mwaka 1961, chakula kilipodondoshwa kutoka angani, waliliita kwa jina la ndege. Watu wenye majina mengi kiasi hicho hawawezi kudanganywa na neno moja la uhaba.

Mwaka 2022 tuliviona vyote viwili ndani ya mwezi mmoja. Mfuko wa unga wa kilo mbili ulikuwa umepita shilingi 200, nao umejaa rafuni, watu wakiutazama. Hapo neno ni ughali. Mwezi wa Julai serikali ikatangaza kwamba utauzwa shilingi 100, na wengi wakautafuta wa bei hiyo wasiuone. Hapo neno ni kuadimika. Mwanamke mmoja kwenye foleni nyuma yangu alisema, "Jana niliuona sikuuweza, leo nauweza siuoni." Sijui kamusi iwezayo kumshinda.

Kijana akauliza, je, dini yasemaje, bei ipangwe au iachwe? Nikamwambia kwamba hilo ni bahari. Yajulikana katika hadithi ya Anas kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie, akakataa kwa kuchelea kumdhulumu mtu. Na yajulikana vilevile kwamba amelaani kulimbikiza chakula ili kingoje bei. Baadaye wanavyuoni kama Ibn Taymiyya waliona kwamba wenye mali wakila njama, kupanga bei hakukatazwi. Mtu asichukue nusu ya habari aende nayo dukani kwake.

Nilichomwonyesha zaidi ni jambo tulifanyalo kila mwaka bila kulifikiri. Zakatul-fitri huku kwetu hutolewa pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, na kwa madhehebu yetu ya Shafii hutolewa chakula chenyewe, si thamani yake. Mchele ukiwa rahisi ni pishi, ukiwa ghali ni pishi. Maskini hapewi shilingi zilizokuwa zikitosha mwaka jana. Sheria ile imepima kwa kipimo ambacho ghalaa haiwezi kukigusa.

"Sasa niandike nini, Ami?" akauliza, kalamu imemkauka mkononi.

Nikamwambia: ikiwa ni viongozi, andika uhaba, kwa kuwa mwandishi yule hakuwaza bei. Ikiwa ni kitabu cha kale na habari ni ya nafaka, andika ughali, na mwalimu akikukata maksi mwambie aje barazani. Ikiwa ni kitu kilichotoweka kabisa, andika kimeadimika. Na usiandike njaa mpaka umeona watu wanakufa.

Akaandika yote. Kisha akalitazama gazeti tena, akatabasamu kwa haya kidogo, akauliza kama "darling" nalo ni la ukoo ule ule. Nikamwambia ndiyo, ni mtoto wa "deore" vilevile, lakini hilo halimo katika kazi ya mwalimu wake. Mkewe ami alikuwa anamwita ndani, anataka kumtuma unga kabla ya magharibi.